Afande Hahamishwi Tena

Wenye nyumba wengi wa Kampala hujichagulia chumba kizuri: cha mbele, chenye baraza, mbali na moshi wa wapangaji. Mwenye nyumba wetu alichukua kile cha mwisho kabisa, kilichopakana na choo. Mgeni akija kuulizia chumba na kumkuta ameketi pale kwenye kigoda, gambuti miguuni hata siku ya jua kali, alidhani ni mfagiaji. Wengine walimwambia, "Mama, tuitie mwenye nyumba." Basi aliinuka, akazunguka nyuma ya jengo, akatokea upande wa pili na kusema, "Ndiyo. Mimi hapa. Sema." Uso mkavu, hacheki. Sisi wapangaji tulikuwa tukiuma ncha za kanga zetu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo, na vyumba ni vyake.

"Mama Zaitun," akasema, "mimi hapana lala hapa sababu napenda harufu. Choo ikiharibika, nani nasikia kwanza? Mimi. Mwenye nyumba akilala mbali, choo inajaa mpaka watu wanapigana. Mimi hapana ngoja watu wapigane."

Niliishi katika ua ule wa Kansanga tangu nilipoolewa mpaka watoto wangu walipoanza kunipita urefu, na sikuona choo kile kikijaa hata mara moja. Nimeingia nyumba za watu wenye magari mawili ambao hawawezi kusema hivyo.

Tulimwita Afande. Alikuwa amestaafu polisi, sajini, na jina la kazi likamfuata mpaka likala lile la kuzaliwa. Alitoka kaskazini, hilo lilijulikana kwa urefu wake na kwa jinsi alivyopika mboga kwa simsim, yaani ufuta. Zaidi ya hapo, ukimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Kambini," na mazungumzo yakaishia hapo. Kiganda alikielewa chote, mpaka matusi ya bodaboda, lakini alijibu kwa Kiswahili, hasa akitaka kushinda hoja. Kampala yetu hii inakiogopa Kiswahili kwa sababu ya watu waliokuwa wakikisema huku wameshika bunduki. Afande alilijua hilo, na dalali mjanja akimletea maneno ya asali, alimgeuzia Kiswahili cha kambini na yule mtu akaanza kutafuta njia ya kutokea. Kwetu sisi Waislamu wa Nakivubo, tuliokirithi kutoka kwa mababu waliokuja na biashara ya pwani, Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya madrasa. Alinicheka kwa kusema "tafadhali" na "samahani". Aliniambia ninazungumza kama redio.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja, na alikisema mbele ya kila mtu bila aibu. Polisi hukaa nyumba za serikali. Siku ya kustaafu ikifika unapisha wengine, iwe ulikuwa nani. Afande alipokuwa bado kijana kazini, alimwona mkuu wake wa zamani, mtu ambaye sauti yake ilikuwa ikinyamazisha uwanja mzima wa gwaride, amesimama nje ya lango la kambi na godoro lake, akingoja gari la kumbeba. Makuruta walipita bila kumpigia saluti. Hawakumjua tena.

"Siku ile mimi nilisema," alituambia zaidi ya mara moja, akinyoosha kidole chini, "nataka mahali moja. Moja tu. Mahali hakuna mtu anaweza kuniambia, toka."

Wenzake walinunua pikipiki, yeye akatafuta kiwanja. Madalali walimtembeza Kampala nzima wakati wa kiangazi, wakimwonyesha viwanja vilivyolala tambarare kama mkeka. Aliangalia, akashukuru, akasema, "Mvua ikinyesha tutarudi." Walidhani ni njia yake ya kukataa. Wala. Mvua ilipokuja alivaa gambuti, akarudi peke yake kila mahali huku inamwagika, akasimama na mwavuli wake mweusi akitazama maji yanakwenda wapi. Vile viwanja tambarare viligeuka madimbwi. Kile cha Kansanga, chenye mteremko ambao kila mtu alikuwa ameudharau, kilitoa maji yake yote mpaka kwenye mtaro wa barabara. Hicho ndicho alichokichukua.

Hata baada ya kujenga hakuiacha tabia hiyo. Sisi mvua ikianza tulianua nguo na kufunga madirisha. Yeye ndiyo kwanza anatoka. Alizunguka ua akitazama paa, pembe za kuta, midomo ya mitaro, na mahali penye tone alichora alama ya mkaa. Kesho yake fundi yuko juu ya bati. Lakini rangi? Usimwambie habari ya rangi. Kuta zetu zilikuwa zimefifia mpaka hujui zilianzia wapi, bluu au kijani. Tulipolalamika alisema, "Rangi inafurahisha ule anapita barabarani. Bati inafurahisha ule analala ndani. Nyinyi mnapita au mnalala?"

Sasa nieleze habari ya kanzu, maana hiyo niliishuhudia mwenyewe kabla hata ya kuwa mpangaji wake.

Mama yangu alikuwa na duka la kanzu na vitambaa karibu na Nakivubo, nami nilikuwa msichana ninayemsaidia kukunja. Akaingia polisi mwanamke, mrefu, kofia kwapani, wateja wote wakasogea kando. Akasema anataka kanzu ya mzee. Mama akamuuliza mzee ana mwili gani.

"Iko na tumbo," akasema Afande. "Mikono mirefu. Nilienda kumwangalia juzi kwa mbali, kwa duka fulani. Yeye hakuniona."

Mama akanitazama, nami nikamtazama. Tulidhani ni upelelezi.

Kumbe hivi. Ardhi nyingi ya Kampala ina mwenyewe mwenye hati, na juu yake kuna watu wenye kibanja, yaani haki ya kukaa na kujenga, wanaomlipa mwenye ardhi ada ndogo kila mwaka. Ukinunua kibanja, desturi ya Buganda inataka upelekwe kwa mwenye ardhi akutambue, nawe umpelekee kanzu. Siku hizi watu hutia hela katika bahasha, wakaiita kanzu, yakaisha. Dalali alimwambia Afande, "Usisahau kanzu ya mzee." Basi Afande, mtu wa kambi, ambaye akiambiwa leta koleo haleti jembe, alinunua kanzu. Nyeupe, yenye tarizi nyekundu iliyoiva kifuani, na alimsumbua mama yangu kwa pindo la chini mpaka mama akataka kulia.

Yaliyofuata alinisimulia yeye, na dalali naye akayasimulia kila alipokunywa. Walifika kwa mzee, dalali akaona mfuko, akaona nguo ndani, akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee hakucheka. Aliipokea kwa mikono miwili, akaingia ndani, akakaa kitambo. Alipotoka alikuwa ameivaa. Imemkaa, tumbo na yote. Akasema miaka mingi watu wamekuwa wakimletea bahasha kana kwamba yeye ni dirisha la ofisi, na kwamba leo ndipo ametendewa kama mtu. Tangu hapo alimwita Afande "muwala wange", binti yangu, na kila mwaka alipopeleka ada yake, kwa mkono wake mwenyewe, alikalishwa na kupewa chai.

Mimi hupenda kusema kwamba kiwanja kile kilinunuliwa dukani kwetu. Mama aliikubali kauli hiyo mpaka alipofariki.

Kuhusu kuchagua wapangaji, alikuwa na swali moja ambalo sijalisikia kwa mwenye nyumba mwingine. Hakuuliza unafanya kazi gani, dini gani, kabila gani. Mume wangu na mimi tulipokwenda kuomba chumba, bado tuna hina ya harusi mikononi, Afande alitukazia macho akauliza, "Mkikufa, mimi napigia nani simu?"

Mume wangu aliona ametukanwa. Alisimama. Mimi nilimtajia kaka yangu mkubwa, na jinsi ya kumpata, na Afande akasema, "Mzuri. Mtu iko na mtu." Baadaye alinieleza kwamba mwizi, mlevi na mkorofi anaweza kuwaweza, anayemwogopa ni yule asiye na hata mmoja wa kumtaja, kwa sababu siku akiugua mwenye nyumba ndiye atakuwa mama yake, na siku akitoroka hakuna pa kumwulizia. Lakini alikuja msichana mmoja muuguzi wa hospitali ya Mulago, hana mzazi wala ndugu, akaulizwa swali lile akaanza kulia. Afande akakohoa. Akamwambia, "Basi andika mimi." Akampa chumba cha pili kutoka kwake, na msichana akiwa zamu za usiku alimwekea maji ya moto ya kuogea asubuhi.

Ndivyo alivyokuwa, kusema kimoja na kutenda kingine, na ole wako umkumbushe. Alipiga marufuku kuku uani, kwa sababu ya uchafu. Yeye akafuga jogoo. Jogoo yule alichafua kila baraza, na tulipokwenda kushtaki tuliambiwa yule si kuku, ni mlinzi, na ana namba ya kazi. Alisema mpangaji ni mpita njia, usimzoee. Lakini mpangaji akihama, Afande alikuwa akiingia katika chumba kile kitupu na fagio, anarudisha mlango, na kufagia chumba kidogo namna ile kulimchukua muda mrefu mno. Akitoka macho yamemwiva. Vumbi, anasema.

Kuna mambo aliyoyatatua ambayo mpaka leo wenye nyumba wadogo wanaumia nayo. Umeme wetu zamani ulikuwa wa mita moja, na kila mwezi ua uligeuka mahakama: nani ana pasi, nani ana friji, nani kalala taa inawaka. Akaacha kumalizia dari ya chumba chake ili kila mlango upate mita yake ndogo. "Umeme ikiwa ya wote," alisema, "vita inakuwa ya mwenye nyumba." Amani ikaingia, na dari yake haijamalizika hadi leo. Nami nilipojenga vyumba vyangu vitatu huko chini ya barabara ya Ggaba, kitu cha kwanza kuweka kilikuwa mita, cha pili mtaro. Rangi sijapaka. Watoto wangu wananicheka.

Kisha mzee mwenye ardhi akafa.

Alikufa kwa uzee, katika kitanda chake, na Afande alikesha matangani kama binti. Lakini tulijua sote maana yake. Ardhi ya Kansanga siku hizi ni dhahabu. Kila penye mgomba wanataka kupandisha apatimenti. Hazikupita siku nyingi akaanza kuja mtu mwenye viatu vinavyong'aa, mnunuzi, akisema amezungumza na warithi na yuko tayari kumpa Afande kifuta jasho aondoke. Aliingia uani akihesabu hatua zake kama mwenye mali. Watoto wa Afande walipiga simu, mmoja kutoka Gulu, mwingine kutoka Juba: Mama, chukua, uje tukujengee nyumba nzuri nyumbani. Walisema kwa mapenzi, siwalaumu. Afande aliwajibu wote neno moja, hapana, lakini niliona hamalizi chakula chake. Jogoo alikuwa akimalizia.

Aliyekuja baadaye ni mrithi mwenyewe, kifungua mimba wa marehemu, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani. Hakutuma wakili. Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimeshahamia kwangu lakini nilikwenda kila Ijumaa baada ya swala.

"Habali za hapa, nnyabo," akasema, akimwita bibi kwa Kiganda, akachuchumaa kidogo kwa heshima kabla ya kukaa. "Baba alituambia wewe ni dada yetu wa kanzu. Mimi siwezi kuuza dada yangu. Lakini sisi ni wengi nyumbani, kila mutu anataka yake. Ninaomba tugawane."

Akaeleza. Afande akiachia sehemu ya juu, inayotazama barabara, familia itajenga maduka yake. Sehemu ya chini itapimwa, itawekwa mawe ya mpaka, na itatolewa hati kwa jina la Afande. Si kibanja tena. Ardhi, yake, mpaka mwisho wa dunia. Akikataa, ataendelea kama zamani na vyumba vyake vyote, ila hawezi kumwahidi ndugu zake watamuuzia nani kesho.

Sehemu ya juu ndiyo yenye vyumba vipya, vyenye bafu ndani, vinavyomlisha. Chini kuna ile safu ya zamani iliyofifia rangi, choo, na chumba chake. Mimi damu ya biashara ilinichemka, nikamwambia pale pale, "Afande, usikubali. Anakuachia makapi."

Yeye akamwambia mrithi arudi mvua ikinyesha.

Na yule mtu, kwa sifa ya baba yake, alirudi. Walisimama wawili chini ya mwavuli mmoja, Afande akimwonyesha kwa fimbo. "Tazama. Maji yako yote inakuja kwangu. Wewe ukijenga maduka na sementi, mimi hapa nitaogelea. Kwanza chimba mtaro upande yako mpaka kwa barabara. Halafu jiwe." Mrithi akakubali. "Ya pili. Watu wangu ya juu iko na watoto kwa shule. Hakuna mtu anatoka mpaka muhula imekwisha, na mimi mwenyewe nitawatafutia vyumba." Mrithi akavua miwani iliyojaa maji, akakubali hilo pia.

Alitembea Kansanga yote na gambuti zake akiwatafutia wapangaji wake mahali, akikataa vyumba kwa niaba yao: hiki paa bovu, kile mwenye nyumba analala mbali. Wa mwisho alipohama, alifagia vyumba vyote vya juu, kimoja kimoja, vyumba ambavyo vilikuwa vinakwenda kubomolewa. Siku ile hata vumbi hakulitaja. Nilimwonea fahari, na bado moyoni nilikuwa nikipiga hesabu ya alichopoteza.

Hati ilitoka. Nilipopata habari nilifunga halua nikaenda. Maduka ya juu yalikuwa yameanza kusimama, na chini yake, mahali ambapo tulikuwa tunapita ovyo, kulikuwa na ukuta mfupi na geti la bati jipya. Nikalisukuma kama nilivyozoea. Limefungwa. Nikagonga.

"Nani?" Sauti yake, kutoka kwenye kigoda.

"Mimi, Mama Zaitun."

"Unataka nini?"

"Afande! Nimekuja kukusalimu. Kuna halua."

"Ngoja."

Nikangoja. Sikusikia kuinuka, sikusikia gambuti. Jua linapiga, karatasi ya halua inaanza kulowana mafuta mkononi. Nikagonga tena, sasa kwa hasira kidogo, nikamwambia kama anaumwa aseme nivunje.

Hapo akaja mpaka kwenye geti, nikaona kivuli chake chini ya bati, lakini hakufungua.

"Mama Zaitun, sikiliza," akasema taratibu. "Kambini, ofisa akitaka kuingia kwako, yeye naingia. Uko naoga, uko nalia, uko na bwana, naingia. Hapa pia, dalali naingia, mununuzi naingia, nahesabu miguu. Maisha yangu yote mlango hapana kuwa yangu. Leo asubuhi nimefunga hii geti, nikakaa, nikasema, nangoja mutu wa kwanza agonge, nisikie vile inakuwa. Inakuwa tamu. Wewe ngoja kidogo tena."

Kivuli kikaondoka. Nikasikia kigoda kikilia, ameketi.

Bodaboda aliyenileta alikuwa bado anatafuta chenji, akaniuliza kwa Kiganda kama wenyewe hawapo. Nikamwambia mwenyewe yupo. Nikaweka kanga yangu sawa, nikabana visigino, nikasimama wima mbele ya geti lile, na sikugonga tena mpaka Afande, kwa wakati wake, aliposema karibu.